Sauti Zilizofichwa Ndani ya Kinanda cha Mtoto: Kupinda Saketi Kunavyofanya Kazi

Kila nyumba yenye mtoto imewahi kuisikia sauti hii. Kigari chenye king'ora, au simu ya plastiki inayoimba, kinaanza kuchoka. Wimbo unashuka, unaburuta, sauti nyembamba inakuwa nzito, halafu inakwama kwenye silabi moja mpaka mtu mzima aje akizime. Husemwa betri zimekwisha, na habari inaishia hapo. Lakini kichezeo kinachoimba kwa betri dhaifu kinatueleza jinsi kilivyotengenezwa, na duniani kuna watu ambao kwa miongo kadhaa wamekaa wakakisikiliza.

Kazi yao huitwa kupinda saketi, yaani kuzigeuza njia za umeme zilizo ndani ya kifaa. Unafungua kichezeo cha betri, unaunganisha sehemu ambazo kiwandani hazikuunganishwa, unasikiliza kinachotoka, na ukiipata sauti inayokuvutia unaifungia swichi ili uiite unapotaka. Kwa Mbeya malighafi si tatizo. Ukipita Soko la Sido pale Mwanjelwa utakuta vinanda vidogo, wanasesere wanaoongea na vitabu vya plastiki vyenye vitufe vinavyotoa sauti, vingine vimepoteza mfuniko wa betri na bei yake ni ya kupatana. Kinachokosekana ni maelezo. Wengi wanaojaribu huambiwa ni mchezo wa kubahatisha, gusa huku, gusa kule, omba Mungu. Sikubaliani na mafundisho hayo. Karibu kila sauti ya ajabu ina sababu inayoelezeka, na anayeijua sababu huunguza vichache na huvuna vingi.

Tuanze na betri zinazokufa. Ndani ya kichezeo cha kisasa hakuna kanda wala sahani inayozunguka. Wimbo umehifadhiwa kama msururu wa namba ndani ya chipu, na kila namba inaeleza spika isukumwe kiasi gani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Chipu inazisoma namba moja baada ya nyingine kwa kufuata mapigo ya umeme: pigo moja, hatua moja. Ni kama mpiga ngoma na wachezaji wake, akipunguza mwendo miguu yote inapungua naye. Ndiyo maana wimbo unapokuwa wa polepole unakuwa mzito papo hapo. Uzito wa sauti ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na kila mtikisiko umeandikwa kwa namba zilezile zinazofuata mapigo yaleyale.

Mapigo hayo yanatoka wapi? Saa ya mkononi ya betri ina kipande cha fuwele ambacho hakiyumbi. Kichezeo cha bei ndogo hakiwekewi gharama hiyo. Humo mna rezista moja (kipande kinachoubana umeme upitao) na kapasita moja (kipande kinachoutunza umeme kwa muda), na mara nyingi kapasita imo ndani ya chipu yenyewe. Umeme unapita kwenye rezista na kuijaza kapasita; ikifika kiwango fulani inamwagwa, inaanza kujaa upya, maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Rezista ikiwa kubwa, kujaa kunachelewa na mapigo yanapungua. Ikiwa ndogo, yanaongezeka. Volti zikishuka nazo huuvuruga mwendo huo, na hapo ndipo inapotoka ile sauti ya kuburuta.

Kinanda kilichoko mezani kwangu ninapoandika kinakula betri tatu za AA, yaani volti 4.5. Ukitoa skrubu za mgongoni unakuta bodi ya kahawia, na katikati yake tone jeusi, gumu, lililopoa kama lilivyodondoshwa. Chini ya tone hilo ndipo ilipo chipu. Imebandikwa uchi juu ya bodi na kufunikwa kwa gundi, kwa sababu ni rahisi kuliko kuitengenezea ganda na miguu. Pembeni ya tone kuna rezista ndogo nyeusi iliyoandikwa 204. Fundi redio yeyote ataisoma hivi: 20, kisha sifuri nne, jumla ohm 200,000, ohm ikiwa kipimo cha upinzani.

Washa wimbo, lowesha ncha ya kidole kwa maji, gusa ncha zote mbili za rezista hiyo kwa pamoja. Wimbo unaruka juu, unakimbia, kila noti inakuwa nyembamba. Kidole kimekuwa rezista ya pili kando ya ile ya kwanza. Umeme umepata njia mbili, upinzani wa jumla umeshuka, mapigo yameongezeka. Ukiinua kidole wimbo unarudi mahali pake. Na hiyo ndiyo njia ya kuitafuta rezista ya mapigo kwenye kichezeo chochote: pitia rezista mojamoja kwa kidole chenye unyevu, ile inayobadilisha mwendo ndiyo yenyewe. Mchoro wa kiwanda hauhitajiki, na kwa vichezeo hivi haupatikani kwa urahisi hata ukiutafuta.

Hatua inayofuata ni kuiondolea rezista hiyo utawala na kuuweka mkononi mwako, na hapa hesabu inahitajika. Vijana wengi hung'oa volyumu ya redio mbovu, ambayo ni rezista inayobadilika ukiizungusha, wakaiunga, wakakata tamaa kwamba haibadilishi kitu. Volyumu nyingi za redio ndogo ni ohm 50,000 au chini ya hapo. Ukiiunga mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine, na rezista ya 200,000, ukizungusha hadi mwisho unapata 250,000. Mapigo yameshuka hadi asilimia 80 ya yale ya mwanzo, na wimbo umeshuka takriban nusu toni nne. Inasikika, lakini haimshtui mtu. Tafuta volyumu ya ohm 1,000,000. Sasa jumla inafika 1,200,000, mara sita ya mwanzo, na wimbo unazama zaidi ya okteva mbili na nusu.

Huko chini ndiko penye utajiri. Kengele ya kitoto inakuwa mlio mrefu wa chuma kizito. Sauti ya mwanasesere anayesema "hello" inajinyoosha mpaka unasikia pumzi, kisha mkwaruzo, kisha hatua zenyewe za namba zikipanda na kushuka kama zilivyoandikwa. Kwenye mwendo wa kawaida hatua hizo zilikuwa juu mno au nyembamba mno kwa sikio. Hakuna kilichoongezwa. Vyote vilikuwemo tangu kichezeo kilipotoka kiwandani.

Ukitaka kwenda upande wa juu pia, toa rezista ya asili kabisa, weka volyumu mahali pake, na uiunge mfululizo na rezista ya kama ohm 47,000. Kazi ya hiyo ndogo ni ulinzi: volyumu ikifika sifuri, upinzani usiishe wote. Ukiisha, chipu inakimbizwa kuliko inavyoweza, inapoteza hesabu na kuganda. Kuganda si kuungua. Toa betri, subiri sekunde chache, rudisha.

Badala ya volyumu unaweza kuweka rezista inayobadilika kwa mwanga. Gizani upinzani wake unapanda hadi mamilioni ya ohm, juani unaporomoka hadi mamia au maelfu machache, kwa hiyo rezista ya ulinzi ni lazima hapa. Weka kinanda cha namna hiyo dirishani asubuhi ya mawingu, kilele cha mlima Loleza kikifunikwa na kufunuliwa, na wimbo utapanda na kushuka kwa kadiri jua linavyojitokeza. Katika mabadiliko yote ninayoyajua, hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine.

Mpaka hapa tumecheza na mwendo tu. Jina la ustadi huu na sifa yake vilitokana na kitu kingine, yaani shoti. Reed Ghazala, Mmarekani wa Cincinnati huko Ohio, alikuwa kijana wa shule miaka ya 1960. Aliacha amplifaya ndogo ya betri ikiwa wazi ndani ya droo ya meza ya chuma. Bodi ikagusa chuma, saketi ikapiga shoti, na droo ikaanza kutoa sauti ambazo wakati ule zilitoka kwenye mashine za studio za gharama kubwa. Alichojiuliza ndicho kilichozaa kazi hii: kama shoti ya bahati mbaya inatoa sauti hizi, shoti ya makusudi itatoa nini? Mwaka 1992 aliipa kazi hiyo jina la kupinda saketi, akiwa tayari ameifanya kwa zaidi ya miaka 20.

Vyombo vilivyopendwa na wafuasi wake vinatufundisha jambo. Kimoja ni Speak & Spell, mashine ya kufundishia watoto tahajia iliyotolewa na Texas Instruments mwaka 1978. Kingine ni Casio SK-1, kinanda kidogo cha miaka ya 1980 kinachoweza kurekodi sauti yako na kuipiga kwenye vitufe vyake. Vyote viwili vina sifa moja muhimu kuliko zote: kumbukumbu yao iko kwenye chipu moja, na chipu inayoisoma iko kando. Kati yake kuna njia za shaba juu ya bodi, mahali ambapo waya wako unaweza kufika.

Njia hizo ni za aina mbili. Za kwanza hubeba anwani, yaani namba ya mahali pa kusoma. Kila njia ina thamani yake: 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Unganisha ile ya 1 na ile ya 2 kwa waya, na njia hizo mbili haziwezi tena kusema vitu tofauti. Chipu ikiomba anwani ya 1 au ya 2, inapewa ya 0 au ya 3. Wimbo unarudia vipande, unaruka vingine, unaanza kuzunguka kwenye kona ambayo mtunzi hakuiandika. Njia za pili hubeba namba zenyewe za sauti. SK-1 inatumia biti 8, yaani kila namba ya sauti ina tarakimu nane za 0 au 1, na biti ya juu kabisa ina uzito wa 128 wakati ya chini ina uzito wa 1. Ukivuruga ya chini utasikia mvumo hafifu nyuma ya noti. Ukivuruga ya juu, noti nzima inapasuka. Waya ni uleule, mguso ni uleule. Tofauti yote imeletwa na mahali ulipogusa.

Speak & Spell inakwenda mbali zaidi. Haikuhifadhi maneno kama rekodi, kwa kuwa kumbukumbu ya wakati ule ilikuwa ghali. Ilihifadhi maelekezo: koo litoe mlio au pumzi, mdomo uwe na umbo gani, kwa muda gani. Chipu ikajenga sauti kutokana na maelekezo hayo. Kwa hiyo maelekezo yakichanganywa na shoti, chipu inatamka kwa bidii yote kitu ambacho hakuna koo la binadamu lingeweza. Ndiyo sababu vilio vya mashine ile havifanani na mwangwi wala mkwaruzo wa kawaida.

Sasa rudi kwenye lile tone jeusi. Kwenye kinanda tunachookota Sido, kumbukumbu, msomaji na kipiga mapigo vyote vimo ndani ya chipu moja chini ya gundi. Njia za anwani zipo, lakini hazitoki nje. Mtu anayesoma habari za SK-1 kisha akafungua kichezeo cha kisasa na kugusagusa usiku kucha bila kupata kitu, hana mkono mbaya. Anatafuta mlango ambao kiwanda kimeuziba.

Hata hivyo imebaki milango mitatu. Wa mapigo tumeshaupita. Wa pili ni umeme wenyewe. Weka dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) moja au mbili kwenye waya chanya wa betri. Kila moja inakata takriban volti 0.6 hadi 0.7. Chipu iliyozoea 4.5 ikipata 3.2 au chini zaidi inaanza kusoma vibaya, inaruka katikati ya wimbo, inachanganya ngoma na kengele. Kila chipu ina kiwango chake cha kuyumba, na kiwango hicho ni chembamba: juu kidogo inaimba salama, chini kidogo inanyamaza.

Wa tatu ni vitufe, na huu watu wengi hawaujui. Vitufe vya kinanda havina waya wake kila kimoja. Vimepangwa kwa safu na nguzo, na kubonyeza ni kuunganisha safu moja na nguzo moja. Watengenezaji wengi hununua chipu ileile: mmoja anaiweka kwenye kinanda chenye vitufe vingi, mwingine kwenye kichezeo chenye vichache. Makutano ambayo hayakuwekewa kitufe bado yako hai. Chukua waya, unganisha safu na nguzo ambazo hazina kitufe, na huenda ukaitoa midundo, milio na nyimbo nzima ambazo kichezeo hicho hakikutangazwa kuwa nazo.

Kuhusu mikono. Miaka ya 1970 Mholanzi Michel Waisvisz alitengeneza kisanduku kidogo chenye vibati vya kugusa, ambapo vidole vya mpigaji vinakuwa sehemu ya saketi. Wapindaji waliiga: unatoa waya kutoka sehemu mbili zenye hisia, unazichomelea kwenye sarafu au skrubu kubwa juu ya ganda, na sauti inafuata jinsi unavyobana. Kwa watu wa huku nyanda za juu kuna jambo la kuzingatia. Ngozi kavu ina upinzani mkubwa sana, na asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa imekausha mikono, chombo kilichoimba vizuri Machi kinaweza kukaa kimya kabisa. Hakijaharibika. Kitambaa chenye unyevu pembeni kinatosha.

Yote haya yana sharti moja lisilo na mjadala: betri tu. Volti 3 hadi 9 za betri kavu haziwezi kukuumiza kupitia ngozi nzima. Umeme wa ukutani ni volti 230, na ndani ya chaja au runinga kapasita hujazwa hadi karibu volti 325, tena hubaki zimejaa baada ya kuchomoa. Redio ya zamani yenye waya wa ukutani, usiiguse. Kamera yenye flashi, hata kama ni ya betri, usiiguse, kwa sababu humo mna kapasita ya volti 300 hivi. Betri za simu na nyinginezo za lithiamu ziache, zikipigwa shoti zinaweza kuwaka moto. Hata kwa betri kavu kuna shoti moja isiyofaa kabisa, ya kuunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Chipu au betri ikiwa ya moto mkononi, chomoa kwanza, fikiri baadaye.

Na kichezeo kilichopindwa kisirudishwe kwa mtoto. Kina ncha za waya, kina risasi ya kulehemu, na vile vidogo vina betri za duara ambazo mtoto akimeza zinaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nyumba nyingi fundi anafanyia kazi sebuleni, na mwenye kichezeo anasubiri mlangoni.

Wapo watakaosema hizi ni kelele, si muziki. Nawaelewa, lakini vyombo vyetu wenyewe vinawajibu. Marimba ya mkononi mara nyingi hufungwa vipete vya bati kwenye chuma zake ili zivume. Fundi angeweza kuziacha safi, hakutaka. Huko Kinshasa, kundi la muziki la Konono N°1 walichukua likembe, marimba ya mkononi ya Kongo, wakaiwekea maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na mkwaruzo wa amplifaya zao ukawa sehemu ya muziki uliowapeleka dunia nzima. Ladha ya sauti iliyochanika kidogo haikuletwa kwetu na kontena la mitumba. Anayeijua ligombo ya Wahehe, nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa, anajua pia kwamba mkono unaoitengeneza huendelea kuisikiliza na kuirekebisha mpaka ikubali. Mtu aliyeinamia kinanda akiwa na waya mkononi anafanya kazi hiyohiyo.

Limebaki suala la kuitoa sauti nje. Spika nyingi za vichezeo hazina upande wa ardhi, yaani waya wa volti sifuri, kwa kuwa chipu husukuma waya zote mbili kwa zamu. Ukiunga mmojawapo kwenye ardhi ya amplifaya unaweza kuunguza chipu uliyoihangaikia. Chukua sauti kwenye waya mmoja tu wa spika, ipitishe kwenye kapasita na rezista ya ohm 10,000, na ardhi uitoe kwenye hasi ya betri. Lakini kama chombo chako kina vibati vya kugusa kwa vidole, usikiunge na amplifaya ya umeme wa ukutani, maana hitilafu ya amplifaya hiyo itapita kwenye waya wa ardhi mpaka mkononi mwako. Tumia amplifaya ya betri au irekodi kwa simu.

Au fanya kama kwenye zeze: toboa kibuyu kikavu, bandika spika mdomoni mwake ikitazama ndani, na acha tundu dogo upande wa pili. Spika ndogo ikiwa wazi, hewa ya nyuma yake huifuta ya mbele na besi inapotea, kibuyu huzitenganisha. Betri ziache nje ya kibuyu, kwa sababu chipu ikiganda ndizo utakazozitoa kwanza.